Daftari la Mizani

Safu ya kwanza tarehe, ya pili namba ya gari,
ya tatu tani. Miaka kumi na mmoja niliandika hivyo
ndani ya kibanda cha mabati, mlango ukitazama jaa,
na korongo wenye vipara wamejipanga juu ya lundo
kama wazee wa kanisa wasiotoa sadaka.

Kisha lori la mwisho likapita.
Wakaleta matinga, wakamwaga udongo mwekundu wa Riat,
wakachomeka mabomba ili uozo upate kupumua,
wakafunga lango, wakanisahau mimi na mizani.
Daftari lilikuwa bado na kurasa tisini.

Machi. Mvua ya saa tisa imeshuka kutoka Nandi.
Wa kwanza kufika hakuwa mgeni: mnyanya.
Mbegu ya mchuzi wa mtu fulani wa Milimani
imepasua udongo wa serikali,
matunda madogo, mekundu, kama kucha ya kidole gumba.
Nyuma yake mpapai, mboga, tikiti lililopasuka kabla ya kuiva:
taka ikikumbuka kwamba iliwahi kuwa chakula.
Safu ya tani niliiacha wazi.

Mei. Mbarika umenipita kimo.
Mchicha wa miiba. Mnavu, mnavu, mnavu.
Kishonanguo kimenishona suruali hadi gotini
nikakibeba hadi Nyalenda bila nauli;
sasa kimepanga chumba mlangoni kwangu.

Domtila, aliyeokota chupa hapa tangu akiwa na mimba ya kwanza,
hupita na kikapu kitupu.
Mnavu umenona, namwambia, chuma.
"Wala. Najua kilicholala chini yake.
Nilikilaza mimi."
Chiriku hawajui. Chiriku wanakula.

Novemba imekuwa ya manyunyu tu.
Januari hakuna. Ukoka umekauka, unakatika chini ya kiatu
kama maandazi ya juzi.
Vijana wakachoma nyaya kutafuta shaba,
moto ukaponyoka, ukala mpaka kwenye mabomba,
ukanusa, ukageuka. Mungu anajua kwa nini.
Ukurasa huo una jivu; sikulifuta.

Na Machi tena, kwenye weusi ule,
pale mbuzi wa Odera walipovunja ua na kuacha vinyesi,
miche mitatu ya mgunga.
Miwili ililiwa na mbuzi walewale. Mali yao.

Mwaka wa nne mgunga ulikuwa na kivuli cha mtu mmoja
akikunja miguu.
Mwaka wa tano, watu wawili wasiogombana.
Domtila akaanza kukaa. Mimi nikaanza kuchelewa kufunga.

Mwaka wa saba, Aprili, upepo wa usiku.
Asubuhi tumeukuta umelala ubavu,
mizizi juu, mipana, mifupi, haikuwahi kushuka.
Ingeshuka wapi?
Katika vidole vyake imeshika kandambili ya mtoto,
mfuko wa buluu, betri iliyovimba, kijiko.

Domtila alisimama mbele ya mizizi ile
kama mtu aliyekuta kabati lake liko wazi barabarani.
Akakichomoa kijiko. Akakifuta kwa leso.
"Hiki bado kizima," akasema, akakitia kikapuni,
na hicho ndicho kitu cha kwanza nilichomwona akivuna.

Tulidhani umekufa. Lakini upande mmoja
haukuachia ardhi, na mwezi wa sita
ukatoa majani ukiwa umelala hivyohivyo,
kama mgonjwa anayeomba uji.

"Upime," Domtila akanitania.
Tukaburuta tawi moja lililovunjika hadi kwenye mizani.
Mshale umekamatwa na kutu tangu lori lile la mwisho;
chiriku akitua, mimi nikipanda, hausogei.

Nikalamba kalamu. Nikaandika:
Mgunga, mmoja. Umelala. Hai.
Tani: saba na nusu.