Mchimba Kanati Mbele ya Kamera

"Kidevu hapa, Baba. Paji la uso hapa.
Tazama taa ndogo ya kijani, usipepese."
Khodamorad anacheka kwa pua:
miaka arobaini alichimba kanati nje ya Yazd,
akitambaa kwa magoti chini ya jangwa
na taa mbili za mafuta nyuma yake,
vivuli viwili vikilaliana
ndipo ajue handaki limenyooka.
Kutazama taa, mimi nimfundishe?

Mwako. Jicho la kulia limeingia kiooni.

Kazi yangu picha tu. Si daktari.
Lakini ukishapiga macho elfu kumi na moja
unayasoma kama muuza komamanga asomavyo maganda.
Hii retina yake, nyekundu ya tofali bichi,
na hii sahani ya neva, mishipa yote inapochomoza
kama ndugu wanaotumia mlango mmoja.
Katikati palitakiwa kishimo cha kutosha dengu.
Chake ni kikombe.
Vishipa vinafika ukingoni, vinapinda kama goti,
vinapotea, vinaibuka chini, vimehamia upande wa pua
kama wapangaji waliosikia ukuta ukilia.
Kimoja kilichoegemea ukingo tangu utotoni
sasa kinaning'inia peke yake:
ukingo umerudi nyuma, umekiacha.

Na pale chini, mpakani,
mchirizi wa damu.
Mfupi kuliko kope.

Presha ya jicho: kumi na nne.
Presha ya kijana! Wangepima hiyo tu
wangemrudisha nyumbani na baraka.

Daktari Farangis anainama, ananyamaza
kwa namna ninayoijua.
Glakoma, anasema. Haiumi. Inakula pembeni kwanza.
"Hukugonga milango? Hukukosa ngazi?"
"Binti yangu, nimeishi handakini.
Ningejuaje kwamba handaki limehamia ndani yangu?"

Anaomba kuona. Namgeuzia kioo.
Anafuata mishipa kwa kidole chenye nyufa,
anataja visima: "Hiki kisima mama. Hapa maji hukaza mwendo.
Hapa udongo laini, ungetaka pete za kauri."
Kidole kinasimama penye vishipa vilivyosinyaa,
nusu ya unene wa majirani zao.
"Maji yalipungua ndipo bustani ikafa?
Au bustani ilikufa, maji yakakosa wa kumwendea?"

Daktari anavua miwani.
Wataalamu, anasema, wanabishania hilo hilo
kwa maneno marefu zaidi.

"Kijijini tulibishana pia.
Mikomamanga imekauka, vijana wamekwenda Isfahan,
hakuna wa kuzibua. Kipi kilitangulia, hakuna aliyeandika."

Anapewa dawa: tone moja kila usiku.
Anataka kujua ni saa ngapi hasa.
Babu yake alikuwa mgawa maji:
bakuli la shaba lenye tundu, laelea kwenye beseni,
likijaa linazama, zamu ya shamba moja imekwisha.
"Kumbe kikombe changu ndicho kinachozama,"
anasema, si kwa huzuni; kama mtu anayehesabu.

Mlangoni bega lake la kulia linagonga fremu.
Anaiomba fremu radhi.

Miezi saba baadaye amerudi, na kofia ile ile ya sufi.
Mchirizi umefyonzwa, hakuna hata doa.
Asiyejua angesema amepona.
Naweka picha mbili bega kwa bega:
palipokuwa na damu ukingo una pengo la ukucha,
na kishipa cha jirani kimejipinda
kulichungulia.

"Kidevu hapa, Baba. Paji la uso hapa."
"Ile taa ya kijani," anauliza, "umeihamisha?"

Sijaihamisha.