Namba Witiri, Namba Shufwa

Halmashauri ya Glasgow ina ramani,
na kwenye ramani kuna mstari wa zambarau
unaoshuka Mtaa wa Marnock, katikati kabisa,
juu ya magari yaliyoegeshwa,
juu ya paka wa jirani asiyejua lolote.
Namba witiri: Shule ya Larchbank.
Namba shufwa: Shule ya Duntarvie.
Tofauti ya bei: pauni elfu arobaini na moja.

Struan ameipiga hesabu kwa penseli
nyuma ya bahasha ya bili ya umeme.
"Hii ni bei ya mstari," anasema,
"si ya ukuta, si ya bafu."
Na kweli, bafu zuri liko upande wa shufwa:
lina dirisha, na beseni lenye miguu ya simba
ambayo Greer aliipapasa moja moja, akaipa majina.

Ile ya witiri ilinuka mbwa aliyelowa.
Dalali hakugusia paa.
Larchbank aliitaja mara sita;
nilihesabu, mazoea ya kazi.

Kazi yangu sijaisema.
Nafundisha Duntarvie, darasa la nne,
huu mwaka wa tisa.
Najua bomba gani la chooni linavuja.
Najua nani huja na njaa
na nani humsogezea ndizi chini ya dawati.
Najua Connal, aliyekuja herufi zikimchezea,
sasa ananisomea ukurasa mzima
na kunikemea nikimkatiza.
Kila Septemba husimama mbele ya wazazi
nikasema: shule hii ni nzuri.
Wala sidanganyi.

Usiku, taa imezimwa, Struan akauliza
bila kunigeukia:
"Wewe ungempeleka Greer?"
Nikasema maktaba hufunguliwa Jumanne tu.
Nikasema watoto thelathini na wawili, mwalimu mmoja.
Nikasema na mengine, yote ya kweli,
yote niliyowahi kuyapuuza
yalipotoka midomoni mwa wazazi wa wengine.
Mkuki ni mtamu ukimwelekea nguruwe.
Niliupapasa gizani
nikakuta ncha iko upande wangu.

Huku nyumba hununuliwa kwa bahasha iliyofungwa.
Unaandika bei yako, hujui ya mwenzako,
mwisho Ijumaa, saa sita mchana.
Tuliandika moja tu.
Namba ishirini na saba.

Ijumaa saa sita na robo nina zamu uwanjani.
Manyunyu. Mpira umekwama juu ya banda la baiskeli.
Simu inatetemeka ndani ya koti: wakili.
Na Connal huyu hapa, kamasi, glavu moja.
"Mwalimu, eti mwanao anaanza shule Agosti?
Atakuja kwetu?"

Kwetu.
Nimeichunguza ramani ile hadi macho yakauma,
sikumbuki kuliona neno hilo.

Nikamwambia avae glavu ya pili.
Akasema ya pili hana, hajawahi kuwa nayo.
Nikavua yangu. Ilimpwaya mpaka kwenye kiwiko,
akaenda akiipunga kama bendera
kuwaonyesha wenzake.

Simu ikanyamaza.
Ikaanza tena.