Haro

Sisi rufaa tunaikata,
kama tukatavyo tiketi, kiu, tamaa.
Neno lenyewe tuliazima kwa Waarabu
likiwa na harufu ya kuinua:
shauri linapandishwa ngazi
kutoka meza ya chini hadi meza ya juu,
kwa nakala tatu na ada isiyorudishwa.

Kisiwani Guernsey neno hushuka.
Halina wakili. Lina magoti.

Perrine Queripel, miaka sabini na mmoja,
alilitoa Jumanne, saa tatu kasorobo,
katika tope la parokia ya Torteval,
mbele ya tingatinga la manjano
lililoletwa na binamu yake Denzil
kubomoa ukuta wa mawe kando ya njia
iendayo kwenye vibanda vya vioo
ambamo nyanya hazijapandwa
tangu mama yake afariki.

Alikuja na mashahidi wawili, kama ada itakavyo:
mpeleka barua, na kijana wa jirani mwenye mafua.
Akavua skafu, mvua ikamwagikia mvi.
Akapiga goti la kushoto kwanza
(la kulia lina chuma),
akaunganisha viganja, akapaza:

Haro! Haro! Haro!
Nisaidie, Mtawala wangu, nadhulumiwa!

Mtawala gani? Wapo wasemao
ni jina la chifu wa kale wa Wanormandi,
kafa miaka elfu na zaidi
na bado anagongewa mlango.
Wengine husema si jina la mtu,
ni yowe tu, kama letu la Jamani!
limwitalo kila mtu bila kumtaja yeyote.
Mimi naamini hilo la pili.

Baada ya yowe, sheria hudai sala:
Baba Yetu, kwa Kifaransa cha bibi yake.
Alikwenda vizuri hadi mkate wa kila siku.
Utusamehe makosa yetu,
kama sisi

Hapo akakwama.
Denzil alikuwa getini, mikono mfukoni,
na kidevu kilekile cha babu yao.
Kijana akapiga chafya.

tunavyowasamehe, akasema,
upesi, kama mtu anayemeza kwinini.

Dereva akazima injini.
Sheria yenyewe hakuijua sawasawa;
alijua tu kwamba neno limeshasemwa.
Ndoo ya tingatinga ikabaki juu, imeuma hewa.

Sasa hakuna kugusa jiwe
hadi mahakama iseme.
Perrine ana saa ishirini na nne
kuliandikisha kwa karani,
na akionekana ameliita bure
atatozwa faini. Anajua.
Alisimama kituoni kungoja basi la mjini,
tope magotini. Hakulifuta.

Basi lilichelewa.
Gari la Denzil likapunguza mwendo,
naye alikuwa anakwenda hukohuko.
Mlango ukafunguliwa kwa ndani.

Perrine alitandika gazeti juu ya kiti
asije akamchafulia,
akapanda.