Springi za Bluu

Biju kaziweka mbili juu ya meza ya chuma,
Sanaiya ya Mabela, saa mbili usiku,
feni inasukuma joto kutoka ukuta huu kwenda ule.
Ya bluu fupi, koili zimebanana
kama meno ya mtu anayezuia neno.
Ya kijivu ndefu, imezubaa,
ukiibonyeza inakubali, ukiiacha inasahau.
"Chagua, Rayya," kwa Kiarabu chake cha gereji.
"Gari haliwezi kuwa godoro na upanga."

Nimeziendesha zote.
Bluu niliipandisha mlima wa Bausher,
na kona ya nne gari lilikata
kabla sijamaliza kutia nia.
Lami ikapanda kwenye usukani, ikaingia viganjani,
nikaijua kila kokoto kwa jina lake.
Kijivu, kona ile ile,
gari liliniegemea begani kama shangazi
mwenye siri ya mtu harusini.

Lakini kutoka barabara kuu hadi kwetu
kuna matuta tisa,
na Jumapili, Jumanne na Alhamisi
nampeleka mama kusafishwa damu.
Siku ya bluu alishika kikombe cha kahawa.
Tuta la kwanza, doa kwenye mtandio.
La pili, paja.
La tatu akakimaliza chote, kimoto hivyo hivyo,
akanitazama.

Basi nilikwisha amua. Kijivu.
Uti wa mgongo wa mtu wa miaka sabini na moja
si mahali pa kujaribia ujana wangu.
Nikamwambia jikoni, nikijiona mwema.

Akaendelea kuchagua mchele.
"Mwaka sabini na nane nilikuwa na Datsun,
nafundisha Sumail, njia changarawe tupu,
springi zake kama mbao. Kaka yako Hilal tumboni.
Mbona alizaliwa mzima?"
Akapuliza pumba.
"Kahawa haimwagwi na springi, humwagwa na dereva.
Na mimi nitoe kwenye hesabu zako za ulaini.
Nalala saa nne kwenye kiti chao, mara tatu kwa wiki.
Nimelala vya kutosha."

Nimelipa riali mia mbili na kumi, za bluu.
Biju hakuuliza kitu. Akatia jeki.

Sasa matuta nayavuka kama nimebeba mayai ya jirani,
kwa pembe, gurudumu moja moja,
na nyuma yangu Land Cruiser inapiga honi hadi inachoka.
Mama kafumba macho, anahesabu.
"La saba hilo hukulipata vizuri."
Sijui kama nimechagua sawa. Usiku
mgongo unamuuma, anausingizia mto.
Nimepita kwa Biju mara mbili
kutazama kama zile za kijivu bado ziko rafuni.
Ziko.

Alhamisi iliyopita, tukitoka hospitali,
bandeji bado mkononi mwake,
nilitia taa ya kwenda nyumbani.
"Pita mlimani," akasema.
"Mlimani si njia ya nyumbani, mama."
"Najua."
Akavua miwani, akaitia mkobani,
akafunga zipu.