Waya wa Nne

Beseni lilifika Oktoba, juu ya trela ya mpwa wa Orvokki,
la mtumba, rangi ya chai ya maziwa,
tumelinunua kwa mke na mume wa Kenora walioachana,
kila mmoja akikataa kubaki nalo.
Lina nafasi ya watu sita. Sisi tuko wawili
na nyonga moja ya chuma, ya Orvokki,
inayotabiri theluji kabla ya redio.

Nilikuwa na waya wa kurefushia, wa rangi ya chungwa,
ule ninaouchomeka nikikata nyasi.
Nikasema, Jumamosi hii hii tunaoga.

Settimio akavuka ua na kahawa yake mkononi.
Miaka thelathini na mmoja fundi umeme, kiwanda cha karatasi;
vidole vyake viwili havikunji.
Akautazama waya wangu
kama unavyomtazama mlevi aliyeshika ufunguo wa gari.
Hakunikemea. Aliukunja, akautia mfukoni mwa koti,
na hadi leo hajaurudisha.

“Kibali kwanza,” akasema. “Kisha chepe.”

Tukachimba. Yaani, nilichimba.
Udongo wa Thunder Bay ni mawe yenye subira.
Yeye alipima kina kwa fimbo aliyoichora mstari.
Bado, akasema. Bado.
Mara ya tatu nikamtukana kwa Kifini cha mke wangu;
akacheka, akanisahihisha matamshi.

Tukapitisha bombani nyaya nne za shaba.
Mweusi, mwekundu, mweupe:
“Hizi zitakuchemshia maji.
Huu wa kijani utalala maisha yake yote.
Omba usiamke.
Ila siku ukiamka, ukute umefungwa sawasawa.”

Swichi ya kuzimia akaiweka mita tatu kutoka ukingoni,
mbali na mkono wa aliye majini,
karibu na jicho la aliye nje.
Kisha vyuma: pampu, ngazi, hata kishikio kidogo,
vyote akavifunga kwa shaba moja,
kisiwepo chuma chenye siri ambayo chuma jirani hakiijui.

Kabla ya kugusa chochote alikata umeme, akapima.
Halafu akaenda jikoni kukipima kipimo chenyewe
kwenye soketi ya birika, kuona kama nacho hakisemi uongo.
Akarudi, akapima tena.
Nikapiga miayo.

Hapo ndipo aliponisimulia, bisibisi mdomoni,
habari ya gati moja ya ziwa, majira ya joto ya zamani,
taa za mapambo, waya uliochubuka chini ya ubao.
Mbwa alijitosa kufuata kijiti, miguu ikakakamaa.
Kijana akajitosa kumfuata mbwa.
“Maji hayakubadilika rangi,” akasema. “Hayakutoa hata cheche.
Tulidhani anatania.”
Akaendelea kukaza skrubu.
Tulidhani. Sikumuuliza ni akina nani wengine.

Kile kikata-umeme, akanieleza, ni kama mwalimu
aliyepeleka watoto kuogelea:
anahesabu wanaotoka, anahesabu wanaorudi.
Wametoka ishirini, wamerudi kumi na tisa?
Haulizi nani. Anapuliza filimbi, kila kitu kinasimama.

Mkaguzi, Bi Wabasse, alikuja na buti za matope,
akafungua boksi, akanyamaza muda mrefu,
akauliza, “Nani kafanya hii?”
Settimio alikuwa anaangalia mawingu.

Sasa ni Februari. Orvokki huelea usiku,
barafu kwenye nyusi, nyonga imesahau kulalama.
Lakini kila tarehe mosi, kabla hajaingia,
natoka na kandambili juu ya soksi, nabonyeza kitufe cha kujaribia.
Tak.
Pampu inakata pumzi. Mapovu yanazima moja moja.
Kimya kinakuja hadi kwenye uzio.

Nampigia Settimio, ambaye siku hizi hatoki kitandani.
“Imekata?”
“Imekata.”
Anakata simu.
Ndiyo mazungumzo yetu yote.