Nusu Inchi

Mimi ni Kiza. Si kiza cha usiku:
kwetu Waha, mtoto afuataye pacha
huitwa hivyo, hata akizaliwa jua la utosi.
Cherehani yangu iko Mwanga, kibarazani,
kati ya muuza mawese na kinyozi,
na tepu yangu ya njano imefutika namba pembeni
kwa kuzungushwa shingoni, viunoni,
na kwenye tamaa za watu.

Wakanijia pacha wangu, masika yakianza.
Bukuru kaacha gati, kaingia jimu ya Misigaro,
ambako vyuma ni gia za malori mabovu
na makopo ya rangi yaliyoshiba zege.
Mkononi kopo jeusi, kifuniko chekundu.
"Asidi amino," akasema,
kisha akayataja majina polepole,
kama karani aitaye mashahidi:
leusini, isoleusini, valini.
Unga wa waridi. Ladha ya tikitimaji.
Elfu tisini: nusu taslimu, nusu deni.
"Msuli ni ukuta, Kiza. Haya ndiyo matofali."

Butoyi akacheka. Butoyi hajaacha gati.
Saruji iendayo Bujumbura
hupita mgongoni mwake kabla ya kupita ziwani,
na jioni ni ugali wa muhogo, maharage,
dagaa wa Kibirizi na macho yao.
"Matofali yangu," akasema, "hunitazama."

Nikawapima. Mkono wa kulia, ngumi imekazwa.
Kumi na nne. Kumi na nne.
Tumbo moja, siku moja, inchi zilezile.

Mwezi uliofuata, Bukuru: kumi na nne na nusu.
Akaruka, kichwa kikagonga bati,
kinyozi akatoka na wembe mkononi kuuliza kulikoni.

Mwezi wa tatu: kumi na nne na nusu.
Mwezi wa nne akavuta pumzi akaibana,
akatutumka kama chura wa bondeni.
Kumi na nne na nusu.
"Pima tena. Tepu yako imevutika."
Nikapima tena.
Macho yake yalikuwa mekundu. Deni la kopo
lilimpeleka kulinda duka la vipuri usiku kucha;
alfajiri, badala ya kitanda, gia za malori.
Nyuma ya kopo, kwa herufi za sisimizi,
kulikuwa na mstari kuhusu usingizi.
Nilimsomea. Akasema hayo huandikiwa wazungu.

Basi nikasema: kumi na tano.
Sijui ulimi ulitumwa na nani.
Nikaandika daftarini, kumi na tano,
nikakata kitambaa kwa kumi na tano,
na mkasi, ambao haujawahi kunisema,
siku ile ulilia kidogo.

Butoyi alikuja Jumamosi kwa ajili ya shati la harusi ya Minani.
Nikamwambia anyanyue mkono, akaunyanyua,
akauweka begani kwangu, akalala.
Wima. Kama punda.
Vumbi la saruji lilikuwa kwenye kope zake.
Tepu ilikuwa tayari imemzunguka,
namba ilikuwa chini ya kidole changu gumba.
Sikukiondoa kidole.
Wateja wawili walisubiri, mmoja akaondoka.

Kopo liliisha. Nimelitia vifungo.
Mvua ikikaribia, vifungo hunuka tikitimaji,
na kijiko chake cha plastiki
muuza mawese ameniomba, sijui akipimie nini.

Siku ya harusi tulishuka na njia ya ziwani, watatu.
Mkono wa shati la Bukuru ulipwaya,
nusu inchi, mimi tu ndiye niliyeiona.
Nikasubiri aseme, Kiza, umekosea.
Upepo wa Tanganyika ukaja, ukauingia mkono ule,
ukaujaza mpaka kwenye pindo.
Bukuru akautazama.
Akautazama tena.
"Unaona?" akamwambia Butoyi.
Butoyi akapiga mwayo, akasema anaona.