Kibao Namba Arobaini na Moja

Mlangoni mwa meli pana ubao wenye vibao vya abiria.
Ukishuka, unageuza chako: chekundu.
Ukirudi, unakigeuza tena: cheupe.
Ndivyo tunavyohesabu watu
katika ghuba ambayo mtu akipotea
hakuna wa kumuuliza ila ndege.

Leo ni mara ya mwisho. Asubuhi tuliwashusha
kwenye mahame ya wawindaji: mawe matatu ya jiko
na mfupa wa nyangumi uliokuwa boriti ya nyumba.
Nilisimama kilimani, bunduki begani,
nikitazama upande ambao dubu angetokea,
nao wakitazama upande uliotazamwa na simu zao.
Kiongozi wa msafara, sauti imemkauka, akatangaza:
Msichukue kitu. Hata jiwe.
Niliona mifuko ikilemewa. Sikusema.
Jiwe lina subira. Litaichoka kabati ya vioo,
litajua la kufanya.

Alasiri, kijiji chetu.
Nilishuka kwetu kama mgeni,
nimevaa jaketi jekundu la kampuni
lililoandikwa jina langu kwa makosa.
Mbwa hawakukosea.
Dorthea alikuwa mbele ya duka, meza imejaa
soksi za sufu na sili wadogo wa kuchongwa;
akanipa mkono kama anavyompa mteja,
kisha akaninong'oneza:
bomba la jikoni limepasuka.

Walipiga picha kamba za nguo,
walipiga picha ngozi ya dubu iliyowambwa barazani
na mtoto wa Josva, aliyewatolea ulimi.
Mmoja aliuliza bei ya mbwa.
Mwingine aliuliza kama tuna furaha.
Josva, mwenye maneno tisa tu ya Kiingereza,
alifikiri kidogo, akajibu: Jumanne, ndiyo.

Saa kumi na moja ukungu ukashuka hadi kwenye paa la kanisa.
Boti za mpira zikaenda, zikarudi, zikaenda.
Huko melini buti zikasuguliwa kwa brashi na dawa,
tope letu likabaki ndani ya beseni.
Redio ikakohoa kifuani mwangu:
Vyote vyeupe. Arobaini na moja bado.

Nilimkuta nyuma ya mapipa ya mafuta,
Bi Geertje wa Harlingen, miaka themanini na miwili,
glavu moja mkononi, nyingine mfukoni,
kiganja kitupu juu ya pande la barafu
kama mtu anayepima homa ya mtoto.
Nimeuza tiketi za feri miaka thelathini, akasema,
nikiwatazama watu wakiondoka.
Nilitaka nijue ikoje kuwa wa mwisho.
Halafu akauliza: Na ninyi,
bahari ikishawafungia, mnafanyaje?

Nilicheka, si kwa kumdharau.
Nikamwonyesha maji meusi.
Mama, sasa hivi ndipo tumefungiwa.
Siwezi kwenda kwa dada yangu bila petroli,
na petroli ina bei ya dhahabu.
Subiri Novemba. Bahari itasimama, itakuwa sakafu,
na mbwa kumi na mmoja watanipeleka nitakako.
Ninyi mkisema mlango umefungwa
sisi ndipo tunapovaa viatu.

Akanyamaza. Kisha: Basi nimekuja wakati mbaya.
Umekuja wakati wa meli, nikamjibu.

Nikamshika kiwiko, akapanda botini.
Alisema neno refu la kwao;
nadhani ni kwaheri ya kuonana,
ingawa wote wawili tunajua hesabu.

Arobaini na moja, ikasema redio. Cheupe.

Meli ikapiga honi. Mbwa wote wakaijibu,
na wakaendelea kuijibu
muda mrefu baada ya taa zake kupita rasi.

Nikavua jaketi jekundu, nikalitundika msumarini.
Nikaanza kutafuta spana.